Mzizi wa Wapagazi

Dada yangu alikuwa mwanamke mnene, na unene wake niliujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu nguo zake zote nilimshonea mimi. Nina cherehani barazani, katika nyumba aliyotuachia baba hapa Tabora mjini. Yeye alikuwa na banda la chakula karibu na stesheni. Mumewe alikwishafariki na wanawe wameolewa mbali. Wangu mmoja yuko Dodoma. Tulibaki wawili nyumbani, yeye na sauti yake kubwa, mimi na cherehani yangu.

Alipoambiwa ana sukari alicheka pale pale mbele ya daktari. Mimi sikucheka. Mama yetu alikufa kwa sukari hiyo hiyo, baada ya kukatwa mguu, na ni mimi niliyekuwa namfunga kidonda. Daktari alimpa dada vidonge, akamwambia apunguze uzito, aache chai ya sukari, apunguze wali na ugali, ale mboga kwa wingi, atembee, na arudi kliniki kila mwezi.

Vidonge alivimeza bila shida. Tumbo ndilo lililomshinda. Mtu anayepika tangu alfajiri, anayeonja mchuzi, anayekwangua ukoko wa wali, atajizuiaje?

"Mdogo wangu," aliniambia, "hili tumbo halina masikio."

Wenzake wa sokoni wakaanza kumletea dawa. Aliloweka mbegu za uwatu, akanywa maji yake asubuhi. Akakata bamia mbichi akazilaza kwenye glasi. Akala unga wa mlonge, akatafuna majani ya mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Sukari ilishuka kidogo, ikapanda tena. Njaa haikuguswa. Saa nne asubuhi ungemkuta nyuma ya banda na kipande cha chapati, amegeukia ukuta kama mwizi.

Mteja wangu mmoja, aliyeleta kitenge cha kushona, ndiye aliyetuambia kuhusu bibi wa Kigwa. Alisema bibi huyo anachimba mzizi unaoondoa njaa. Tulikwenda asubuhi ya Jumamosi moja, mimi na dada. Kutoka kijijini tulitembea kando ya reli mpaka tukafika kwenye nyumba ya tofali iliyokaa peke yake, uwanja wake umefagiliwa mpaka unang'aa. Jambo la kwanza nililoliona ni mafiga. Yalikuwa safi. Hapakuwa na majivu, hapakuwa na masizi ukutani, na hapakuwa na harufu yoyote ya chakula, wala kuku.

Tulimwamkia. "Marahaba," alijibu, akatukaribisha kwenye mkeka. Alikuwa mdogo wa mwili, amenyooka, ngozi imeshikamana na mifupa. Alizungumza na dada kwa Kinyamwezi kwa muda, akamuuliza ukoo wetu na maradhi yake. Kisha akageukia Kiswahili, kana kwamba swali hilo alitaka na mimi nilisikie vizuri.

"Unataka njaa ipungue, au iondoke?"

Dada akaangua kicheko. "Iondoke, bibi! Ifunge virago kabisa."

Bibi hakucheka. Alituonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba, ambako kulikuwa na mkanda wa ardhi iliyobonyea kidogo katikati ya miti ya pori, unaelekea magharibi.

"Ile ndiyo njia ya zamani ya misafara," alisema. "Wapagazi walipita pale na pembe za ndovu na majora ya vitambaa vichwani. Mzizi huu walikuwa wanautafuna. Mtu anatembea siku tatu hana habari ya chakula. Hujui kama umechoka, hujui kama umekwisha. Wengine walikuwa wazima mpaka walipotua mzigo. Walipotua, hawakuinuka. Na mzizi unaota zaidi pale walipolala."

Alimpa fungu moja, mizizi myembamba ya rangi ya damu iliyokauka. Achemshe kipande asubuhi, siku saba. Siku ya nane aache, hata kama unamfaa. Na siku hizo zote asibebe kitu kichwani.

"Unatumia dawa nyingine?" aliuliza.

"Hapana," dada akasema, na vidonge vilikuwa ndani ya mkoba wake.

Siku ya tatu dada alisogeza sahani ya wali ikiwa nusu. Siku ya tano alikunywa maji tu mchana kutwa. Siku ya saba nilimpima kiuno. Futi ilizunguka ikaacha kipande kirefu mkononi mwangu. Tulishangilia kama watoto. Nilimpunguzia magauni mawili wiki hiyo, na kliniki nesi alimpigia makofi.

Siku ya nane alikuja barazani. "Niongezee fungu moja," alisema. "Moja tu. Mimi bibi yule atanikatalia."

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitalificha. Nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia bibi kwamba dada amemaliza na amepona, na kwamba mzizi huu ni wa mgonjwa mwingine, mama mmoja wa mtaani kwetu. Nilisema bila kupepesa macho. Nilikuwa nauona mguu wa mama yangu, na nilikuwa naona jinsi gauni jipya litakavyomkaa dada. Kusema kweli nilikuwa nafurahia pia jinsi wanawake walivyosimama barazani kuuliza siri yetu. Bibi alinitazama, akanipa.

Fungu la pili, ambalo dada alilichemsha na kulirudia kwa wiki kadhaa, ndilo lililobadilisha nyumba.

Wateja wa dada walianza kulalamika. Leo maharage hayana chumvi, kesho yana chumvi mara mbili. Alikuwa haonji tena, na akionja hasikii. Siku moja nilipita bandani mchana nikakuta sufuria ya nyama inaungua, moshi mweusi umejaa, watu wanakohoa. Yeye amekaa pembeni ya jiko lile lile, mikono mapajani, anawatazama wateja wakila. Aliwatazama midomoni, kama mtu anayeangalia watu wakiongea lugha asiyoijua. Mzee mmoja, dereva wa lori, alichukua sahani yake akaenda kula nje, kwenye jua.

Nilikuwa nampima karibu kila wiki. Nilipomzungushia futi sikio langu lilikuwa linakuwa karibu na tumbo lake, na tumbo la mtu kwa kawaida huongea. La dada lilikuwa kimya. Nilikaa hivyo muda mrefu, nikisikiliza. Ilikuwa kama kuweka sikio kwenye ukuta.

Halafu akaanza kutenga sahani ya tatu.

Ilikuwa mchana, jua kali, mlango wa mbele uko wazi. Nilikaa nile ugali na mlenda, yeye ameweka sahani yake ambayo haigusi, na kando yake akapakua nyingine, ugali wa kumtosha mwanaume.

"Hiyo ya nani?" niliuliza.

"Ya njaa yangu."

"Dada, acha mchezo."

"Si tulisema iondoke? Imeondoka. Lakini haijaenda mbali." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza habari za jirani. "Iko pale mlangoni. Imesimama. Ina mzigo."

Niligeuka. Pazia lilikuwa linacheza kidogo, na hakukuwa na upepo wa kulichezesha. Sikuona kitu kingine. Nilimaliza kula haraka, nikatoka uani kuosha vyombo. Niliporudi ile sahani ya tatu ilikuwa tupu. Dada alikuwa amekaa pale pale, na vidole vyake vilikuwa vikavu, visafi. Kuna paka wa jirani anayeingia kwetu anapotaka. Nilijiambia ni paka. Nilijiambia hivyo siku hiyo na siku nyingine nne zilizofuata.

Jioni moja alirudi kutoka mashineni na beseni la unga wa dona kichwani. Nilikuwa nimesahau kabisa lile katazo la bibi, au nilijifanya nimesahau. Alisimama katikati ya uwanja, akabaki amesimama.

"Tua mzigo, dada."

"Nikitua sitainuka."

Nilicheka, kwa sababu alisema kama utani. Lakini hakushusha mikono. Nilishona pindo la sketi nzima, nikainua macho, bado amesimama pale, shingo imenyooka, anatazama mbele. Nilikwenda nikalitua mimi. Hapo hapo akakaa chini kwenye mchanga, akasinzia akiwa ameketi.

Na bado, aliponiomba fungu la tatu, nilikwenda.

Safari hiyo bibi wa Kigwa hakunikaribisha mkekani. "Huyo mgonjwa wako mwingine," alisema, "anakula?"

"Anakula, bibi."

Alifungua fungu. Kisha akanipa mizizi miwili tu, akaingia ndani bila kuaga.

Nilipofika nyumbani nikamenya maganda ili niichemshe, na sijui ni nini kilichonituma, nikatafuna kipande kidogo kama kucha. Ladha yake ni ya chuma na udongo wa mvua. Jioni sikusikia njaa. Kesho yake asubuhi hivyo hivyo. Nilijisikia mwepesi, kichwa kimetulia, nikafikiri, kumbe ndiyo raha anayoisikia dada.

Mchana simu ikaita. Alikuwa mwanangu, kutoka Dodoma. Nililiona jina lake kwenye kioo, nikaliangalia. Nilijua ni mwanangu, nilijua anataka nini, nilijua nampenda, kama ninavyojua kwamba Urambo iko magharibi. Lakini hamu ya kuisikia sauti yake haikuwepo. Niliiacha simu ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena, nikaiacha. Kitambaa kilikuwa chini ya sindano, mguu uko kwenye pedali, na sikuona sababu ya kukanyaga. Nilikaa hivyo mpaka giza likaanza kuingia barazani, na wala sikuona kwamba hilo ni jambo baya.

Njaa ilinirudia asubuhi iliyofuata, ghafla. Nilikula viazi vya jana, vya baridi, nimesimama jikoni. Katikati ya kutafuna nikaanza kulia. Hofu yote niliyopaswa kuisikia jana ilinijia kwa pamoja. Mimi nilitafuna kipande cha kucha. Dada alikuwa amekunywa kwa wiki na wiki. Nilimpigia mwanangu nikamwambia nampenda, akaniuliza kama naumwa. Kisha nikaenda chumbani kwa dada nimwambie mzizi basi, nimeutupa chooni.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hakuwepo. Beseni la unga nalo halikuwepo.

Bandani kwake hawajamwona. Mwanamke anayeuza vitumbua kando ya reli alisema amepita mapema, beseni kichwani. "Nimemsalimu hakuitika," alisema. "Alikuwa anakwenda haraka kama mtu anayechelewa wenzake."

Nilichukua pikipiki ya abiria tukafuata barabara ya vumbi upande wa mashariki. Nyumba zikaisha, mashamba ya tumbaku yakaja, kisha pori la miyombo. Tukamwona kwa mbali. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, ametugeuzia mgongo, beseni kichwani. Dereva wa pikipiki alizima injini mbali naye bila mimi kumwambia.

"Mama," aliniambia, "mimi nakusubiri hapa."

Nilikwenda kwa miguu. Gauni lake, nililolipunguza mara tatu, lilikuwa limelowa jasho, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Nilimzunguka nikasimama mbele yake. Macho yalikuwa wazi, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu kwa Kinyamwezi, akifika kumi anaanza upya.

"Dada."

Aliendelea kuhesabu. Nilimshika mkono, ulikuwa wa barafu.

"Dada, ni mimi."

"Wenzangu wametangulia," alisema.

"Wenzako nani?"

"Hao."

Nilitazama anakotazama. Barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho wa macho. Lakini vumbi lilikuwa limesimama hewani, jekundu, kutoka ukingo mmoja wa barabara mpaka mwingine, kama linavyosimama watu wengi wanapotoka kupita. Hakukuwa na gari lililotupita, na dereva wangu naye aliniambia baadaye hakuona gari. Sikulitafutia sababu wakati ule, na sasa nimeacha kulitafutia.

Nikashika beseni kwa mikono miwili, nikalitua.

Alianguka kama gauni linavyoanguka kutoka kwenye hanga.

Hospitali walimtundikia dripu ya sukari. Daktari wa zamu, binti wa umri wa mwanangu, alinieleza baadaye pale koridoni kwamba sukari ya dada ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa, na kwamba tungechelewa kidogo tusingemkuta. Aliniuliza dada anakula nini. Nikasema hali kitu. Akaniuliza kama vidonge anaviacha. Nikasema anavimeza kila siku, hajawahi kukosa.

"Vidonge vile vinataka mtu anayekula," alisema. "Ukivimeza huku huli, vinashusha kisichokuwepo. Sukari ikishuka hivyo mtu anachanganyikiwa, anaona vitu, anatembea bila kujua anakwenda wapi."

Niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Yalieleza beseni, yalieleza kuhesabu, yalieleza njaa iliyosimama mlangoni. Kisha nikamwambia habari za mzizi, nikitazama sakafu, nikisubiri kugombezwa. Hakunigombeza. Alisema nimletee auone. Nilikuwa na ganda moja limebaki kwenye mfuko wa gauni, nikampa. Aliligeuzageuza.

"Mimi siujui," alisema. "Na wewe huujui. Shida ndiyo hiyo."

Dada alikaa wodini wiki moja. Alizinduka, akatujua, akauliza habari za banda. Lakini uji alikunywa kwa kuamrishwa, kijiko kwa kijiko, uso hauna kitu. Njaa haikuwa imerudi. Siku ya nne nilikwenda Kigwa, nimejaa hasira, ingawa nilijua hasira yenyewe nilipaswa kuielekeza wapi.

Bibi alikuwa ameketi kizingitini. Mbele yake palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilifungua mdomo nianze, akainua kiganja.

"Subiri."

Tulisubiri. Sijui ni muda gani. Nzi walizunguka kawa, yeye hakuwafukuza. Kisha honi ya treni ikasikika kutoka upande wa stesheni ya Goweko, ikakaribia, mabehewa yakapita nyuma ya miti kwa kishindo. Bibi akafunua sahani, akanawa, akala ugali na karanga, tonge kwa tonge, mpaka ukaisha. Hakuonyesha kufurahia wala kuchukia. Akanawa tena.

"Sasa sema," aliniambia.

Hasira ilikuwa imeniishia. Nilimwambia yote, pamoja na uongo wangu.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana mara ya tatu nilikupa miwili. Nilipaswa kukunyima kabisa. Kosa hilo ni langu." Alitazama reli. "Mimi nilikuwa msichana mdogo, mwaka wa njaa. Mama alinipa mzizi ili nisilie. Mvua zikaja, mahindi yakaiva, watu wakala. Mimi njaa yangu haikurudi mpaka leo. Nakula treni ikipita. Kabla ya kujiwekea treni iwe saa yangu, nilikuwa nasahau mpaka naanguka."

"Na siku treni haipiti?"

"Nasubiri."

Niliuliza kama kuna dawa. Alisema hakuna mti wa kurudisha njaa, angekuwa ameuchimba zamani. "Mlishe saa zile zile, mahali pale pale, kila siku. Usimuulize kama anasikia njaa. Utamtisha. Mwili umesahau, utakumbuka wenyewe ukitaka."

Tukafanya hivyo. Daktari naye alipanga dawa upya na akatuambia karibu yale yale: chakula kidogo, kwa saa, bila kuruka. Saa moja asubuhi, saa saba, saa moja jioni, na kitu kidogo katikati. Dona kiasi cha ngumi, mlenda, mchicha, maharage, kipande cha samaki. Nilikaa naye mpaka amalize. Baada ya kula tulitembea pamoja mpaka kanisani na kurudi, mikono mitupu. Hakutaja tena habari za mlangoni, na mimi sikumkumbusha, ila pazia lile nililitoa nikalichoma.

Ilipita miezi mitano hivi. Mchana mmoja alikuwa amekaa karibu na cherehani ananichambulia nyuzi, kabla ya saa saba. Nikasikia mlio, mrefu, wa chini, kama mlango wa zamani unaofunguka. Dada akadondosha nyuzi zote. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Kuna mtu humu," alininong'oneza.

"Ni tumbo lako, dada."

"Linataka nini?"

Ndipo nilipojua jinsi alivyokuwa amekwenda mbali. Nilimletea viazi vitamu viwili vilivyochemshwa. Akala cha kwanza polepole, akishtukashtuka, akisikiliza. Cha pili alikula akilia, kamasi na machozi, na alipomaliza akasema kilikuwa kitamu, na kwamba nimekiunguza upande mmoja. Nilifurahia lawama hiyo kuliko sifa zote nilizowahi kupewa.

Leo ni mwembamba kuliko zamani na mnene kuliko wakati ule. Sukari yake inatulia miezi mingi, miezi mingine inasumbua, anakwenda kliniki, anarudi, anapika. Anasema njaa iliyorudi siyo ile ile. Hii ni ya adabu, inabisha hodi. Mimi sijamuuliza zaidi.

Wanawake bado wanakuja barazani na vitambaa vyao. Wanamwona dada anapita, wananiinamia sikioni kuuliza alitumia nini. Nawaambia vidonge, saa, mlenda na kutembea. Hawaniamini. Wiki iliyopita alikuja mmoja kijana, mrembo, hana unene wowote wa kupunguza, akasema amesikia kuna bibi upande wa Kigwa, na aliomba nimwelekeze njia. Nilikuwa nampima mabega. Nilimwambia simjui bibi huyo, nikaendelea kumpima, na uongo huo sijautubu.